Kikundi cha maigizo cha Moshi: usilipie ngoma tu, lipia na siku za utafiti

Igizo lao la kihamba, yaani shamba la ukoo la Wachaga, linaanza bila neno. Matanga hayajaanuliwa, shemeji wa marehemu anaingia na panga, anaanza kufyeka migomba ili aweke mpaka mpya. Migomba yenyewe ni mabua ya mahindi yaliyosimikwa kwenye makopo ya rangi yaliyojazwa mchanga. Bua likikatwa linaanguka kwa sauti kavu inayosikika mpaka mstari wa nyuma. Bua la kwanza watoto wanacheka. La tatu hacheki mtu. Mjane anatoka na sufuria mkononi, anatazama, anaiweka chini taratibu. Kwa vifaa visivyofika bei ya sahani ya ndizi nyama, wameshaeleza kesi ambayo wakili angeieleza kwa nusu saa.

Asasi hii ya maigizo isiyo ya kibiashara ina ofisi Moshi mjini. Kazi zake nyingi ziko Moshi Vijijini na Hai, na ukiialika Arusha inakuja. Jina tumeliacha, maana dosari tutakazozitaja utazikuta hata kwa vikundi vya jirani. Huduma zao ni nne: maonyesho ya mitaani na vijijini, klabu za shule, mafunzo ya vijana ya Jumamosi, na maonyesho ya ukumbini ya kiingilio. Ya kwanza ni nzuri sana ukijua namna ya kuiagiza. Ya pili ni nzuri kwa masharti. Mbili za mwisho hazitatuchukua muda.

Mtego uko kwenye kuagiza. Ukipiga simu ukasema unataka igizo la ukatili wa kijinsia Jumamosi, utaletewa: watu saba, ngoma mbili, kigoda, na hadithi ileile iliyochezwa Himo mwezi uliopita. Watu watacheka, watapiga makofi, wataondoka. Ukisema waje siku mbili kabla, unapata kitu kingine kabisa.

Siku hizo mbili wanatembea wawili wawili, mwanamke na mwanamume, bila dodoso wala fulana za mradi. Wanakaa kilabu cha mbege, bombani, saluni, kijiwe cha bodaboda, kibarazani kwa chama cha ushirika wakati watu wanapima kahawa. Hawaulizi "kuna migogoro ya ardhi hapa?" kwa sababu jibu lake ni hapana. Wanauliza shamba hili zuri ni la nani, na aliyekuwa akililima zamani yuko wapi. Jioni ya pili wanakaa na wanakijiji wanane hadi kumi, wengi wao wanawake, wanawasimulia walichosikia bila kutaja majina, kisha kundi hilo ndilo linalochagua tatizo moja. Hadithi tatu au nne zinasukwa kuwa moja ili asitambulike mtu. Hata majina yanachujwa: shemeji mwovu ukimwita Massawe au Mushi kwenye kijiji ambacho nusu ya watu ni ukoo huo, umeshaanzisha ugomvi kabla ya ngoma kulia. Kwa hiyo wahusika wao ni Mzee Panga, Mama Sufuria na Bwana Mhuri, mtendaji asiyeona kitu mpaka aone chupa.

Utaratibu huu hawakuubuni wao, na wenyewe hawadai hivyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Penina Mlama na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda Malya, mkoani Mwanza, wakatafiti matatizo ya kijiji pamoja na wanakijiji, mimba za wasichana likiwa mojawapo, na wanakijiji wenyewe wakaigiza na kujadili. Nusu ya pili ya mbinu ya kikundi hiki imetoka kwa Augusto Boal wa Brazil (1931–2009), yule aliyetaka mtazamaji ainuke kitini aingie mchezoni. Vikundi vingi vya Kaskazini vilibeba cha Boal peke yake, kwa sababu kinafundishika kwenye semina ya siku tatu hotelini. Cha Malya kinataka ulale kijijini. Tofauti ya igizo la hawa na la vikundi hivyo inaanzia hapo, na ndiyo maana tunasisitiza siku za utafiti zilipiwe hata kama itabidi upunguze idadi ya maonyesho. Vijiji viwili vilivyotafitiwa ni bora kuliko vijiji sita vilivyopigiwa ngoma.

Siku ya onyesho lenyewe, igizo linachukua dakika 20 hadi 25 na linaishia pabaya: mjane anafunga nguo zake kwenye kanga na kuondoka. Mwezeshaji anaingia katikati na swali moja, "Angefanya nini?" Halafu linachezwa upya. Yeyote anayeona mahali mjane alipokosea anapaza sauti "Simama!", waigizaji wanaganda, anaingia, anajifunga kanga ya mjane na kuendelea kuanzia hapo. Anayebadilishwa ni anayeonewa. Mwonevu habadilishwi. Sharti hili ndilo linalovunjwa kila mahali, kwa kuwa wazee wetu wanapenda kuingia nafasi ya shemeji na kuwa wema ghafla: shemeji nimekosea, kihamba ni chako, tusameheane. Makofi. Shida imeyeyuka kama moshi na hakuna aliyejifunza lolote, maana shemeji wa kweli hajaja hata kwenye onyesho. Mwezeshaji wao anamzuia kwa adabu: "Shikamoo baba. Shemeji wa namna hii tunaye hapa kijijini?" Watu wanaangua kicheko, mzee naye anacheka, anarudi kukaa bila kudhalilika.

Sifa kubwa tunampa mwigizaji anayecheza shemeji. Hakubali kirahisi. Anaingia mama wa kwanza, analia na kuomba. Shemeji anampa pole na kuendelea kufyeka. Anaingia wa pili, anamwita mwenyekiti wa kitongoji. Shemeji anamkaribisha mwenyekiti mbege, na dakika mbili baadaye wanaongea habari za mpira. Wa tatu anakuja na majirani wanne waliokuwepo mpaka ulipopandwa masale (mimea ya kuwekea mipaka), anawasimamisha mmoja mmoja mbele ya watu wote. Hapo shemeji anashusha panga. Kwa Wachaga sale kwenye mpaka si ua la mapambo, na hadhira inaelewa bila kuhubiriwa. Katika vikundi dhaifu shemeji analegea kwa mama wa kwanza, kwa sababu mwigizaji anataka kumaliza awahi daladala. Panga dakika 50 kwa sehemu hii. Chini ya 40 utapata watu wawili tu watakaothubutu kuingia, na wote watakuwa wanaume.

Kosa lao kubwa liko kwenye sheria. Mwishoni Bwana Mhuri hutamka kwamba mjane aende Baraza la Kata likaamue. Tangu mabadiliko ya sheria ya 2021, Baraza la Kata halitoi uamuzi kwenye migogoro ya ardhi, linasuluhisha tu. Likishindwa ndani ya siku 30, shauri linaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Tena kwa mjane wa igizo hili njia ya kwanza hata si hiyo. Shamba la marehemu ni mirathi: kinahitajika cheti cha kifo, muhtasari wa kikao cha ukoo, na maombi ya kuteuliwa msimamizi wa mirathi, ambayo watu wengi huyafungua Mahakama ya Mwanzo. Mama aliyeelekezwa mlango usio wake anapoteza nauli na miezi, na shemeji anaendelea kupanda. Wanaisema sawasawa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, kwamba mwanamke ana haki ya kupata na kumiliki ardhi sawa na mwanamume, lakini haki bila anuani ya kuidai haimsaidii mtu. Dawa ni rahisi: mwalike msaidizi wa kisheria wa kata, akae mkekani na wengine, na mwezeshaji amwite dakika kumi za mwisho. Kwenye igizo la vipigo mwite askari wa Dawati la Jinsia na Watoto, aje bila sare kama inawezekana. Kwenye igizo la watoto, namba 116 ya msaada kwa watoto itamkwe mara tatu na iimbwe kwenye wimbo wa kufungia. Kuipiga ni bure.

Sasa vyombo, na hapa uvumilivu wetu ni mdogo kwa sababu tatizo linajulikana na linajirudia. Wanaziweka spika mbili nyuma ya waigizaji ili zionekane nzuri kama za bendi. Kipaza sauti kinasikia spika, spika inasikia kipaza sauti, na mluzi unaanza. Spika zinatakiwa zikae mbele ya waigizaji, pembeni kulia na kushoto, zikiwatazama watu. Lakini kwa hadhira ya mpaka watu 200 waliokaa nusu duara, waambie spika zibaki ofisini. Kipaza sauti kimoja kinachopita mkononi kinaua mjadala: kila anayetaka kusema "Simama!" anasubiri kwanza apewe, na mzee akishakishika hakiachii. Muziki wote wa onyesho unatoshelezwa na ngoma na kayamba. Kama ni lazima pawe na umeme, jenereta dogo likae umbali wa mita 30 nyuma ya nyumba, na lita 2 au 3 za petroli zinatosha alasiri nzima. Watu, ngoma na mabua vinaenea kwenye Noah moja na kirikuu moja. Wakikuandikia basi dogo, uliza kuna nani mwingine.

Eneo lichague wewe mwenyeji, usiwaachie. Tafuta ukuta wa kurudisha sauti, kwa mfano ghala la ushirika au darasa, waigizaji wakae mbele yake, na watazamaji waelekeze migongo kwenye jua la magharibi ili wasitazame huku wamekunja nyuso. Uwanja wa mpira ni mkubwa mno, sauti inapotea. Karibu na stendi ndiyo kabisa usijaribu. Ngoma ya kuita watu ianze saa 9:00 alasiri, igizo saa 9:30, na kila kitu kiishe kabla ya saa 12:00 jioni. Sababu si giza peke yake. Mama wa Uru au Machame ana ng'ombe zizini anayesubiri majani, na ikifika saa 11:30 utamwona anajifunga kanga vizuri na kuondoka, hata kama mjane wa igizo bado hajapata haki. Machi mpaka Mei masika itakuvuruga. Desemba ni kinyume chake: ndugu wote wamerudi kutoka Dar es Salaam, vikao vya ukoo vinafanyika, kihamba kinagawiwa au kugombaniwa. Kwa igizo la mirathi hakuna mwezi unaoufikia, na ndio mwezi ambao kikundi kinajaa oda mapema kuliko wote.

Watoto watakuwa wengi kuliko watu wazima, hilo usilipinge. Kikundi kinamtenga mwigizaji mmoja acheze nao kwa dakika 20 pembeni kabla igizo halijaanza, wachoke kidogo, kisha wanaletwa mbele kwenye mikeka. Akina mama wanafuata nyuma yao kwenye mabenchi, wanaume wanasimama wanakotaka. Mpangilio huu unavurugika akija mgeni rasmi. Akiwekewa sofa na meza yenye maji ya chupa katikati ya mstari wa mbele, wanawake wanarudi nyuma hatua tano, na mwenye kesi na mtendaji hawezi kuingia mchezoni mbele ya bosi wa mtendaji huyo. Mgeni rasmi aalikwe mwishoni, asikilize dakika kumi za mwisho na kufunga. Atashukuru, ana shughuli nyingine. Kikundi kinalijua hili na kinashindwa kumwambia mfadhili; mwambie wewe.

Lugha inawagawa waigizaji wao kuliko wanavyokiri. Kiswahili chao ni kizuri, chenye methali na utani wa Pasua na Majengo, mitaa ya Moshi mjini, lakini huko juu milimani bibi mwenye miaka 70 atasema la moyoni kwa Kichaga, na Kichaga cha Machame si cha Rombo. Wakipeleka timu isiyo na mtu wa upande huo, mjadala unabaki kwa vijana na walimu. Uliza mapema nani kati ya saba anatoka huko. Ukiwaita upande wa Arusha, tuseme Monduli, swali ni hilohilo kwa Kimaasai, na jibu lao ni gumu zaidi. Huko ni heri wafanye kazi na kikundi cha wenyeji kuliko kuja na mkalimani, maana utani ukitafsiriwa unafika baridi.

Klabu za shule zina wiki 12, kipindi kimoja cha dakika 80 kila wiki baada ya masomo, na onyesho mbele ya wazazi mwishoni. Mfano wa kazi ya namna hii hapa nchini ni TUSEME, ulioanzishwa 1996 na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ili wasichana wa sekondari wayaseme yanayowakwamisha masomoni na watafute wenyewe njia za kuyatatua. Hawa wameiga kilicho bora humo: wanafunzi ndio wanaotafiti shule yao, na mwalimu wa klabu hakai chumbani wakati wa kutafuta hadithi. Kipindi cha tatu ndicho cha kutazama. Kila mwanafunzi anaandika kisa kwenye karatasi bila jina, karatasi zinachanganywa kwenye ndoo, na kila mmoja anaigiza kisa alichookota. Hakuna mtoto anayecheza kisa chake mwenyewe. Wanasisitiza hili bila kulegeza, na wana haki, kwani mtoto aliyefanyiwa ubaya akiusimamisha tena mbele ya darasa zima anaumizwa mara ya pili. Kisa kizito kikitoka ndooni kinasimamishwa hapohapo na afisa ustawi wa jamii anaarifiwa siku hiyohiyo.

Masharti yetu ni haya. Wanapokea wanafunzi 60 mkuu wa shule akiwaomba, wakati mbinu hii inabeba 25. Zaidi ya hapo nusu wanakuwa kwaya ya nyuma. Wakatalie. Barua za ridhaa za wazazi wanazo, ila picha za simu zinapigwa hovyo siku ya onyesho na sura za watoto zinaishia kwenye makundi ya WhatsApp. Tangazo la kuzuia litolewe kabla ya ngoma ya kwanza, na arudie mkuu wa shule mwenyewe. Anzeni Januari; Julai ni kwa sekondari tu. Klabu iliyoanza Agosti inagongana na mtihani wa darasa la saba Septemba, na sekondari kidato cha nne wana Novemba yao, kwa hiyo onyesho la mwisho linaahirishwa mpaka linakufa.

Mafunzo ya Jumamosi: mazuri kwa sauti, mwili na kupanga tukio, saa tatu kila wiki, hayana ada. Uandishi wa igizo haufundishwi kabisa, pengo la kushangaza kwa nchi iliyotoa tamthilia ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein. Kijana anayetaka cheti na ngazi ya juu asipoteze mwaka hapo, aangalie TaSUBa, taasisi ya sanaa na utamaduni kule Bagamoyo. Maonyesho ya ukumbini ni kazi ya kutafutia kodi ya ofisi, vichekesho vyepesi kuhusu wachumba na wakwe. Yanaanza saa nzima baada ya muda uliotangazwa. Nenda na umeshakula.

Upande wa karatasi wako vizuri. Wana cheti cha asasi chini ya Sheria ya Asasi Zisizo za Kiserikali ya 2002 na usajili wa BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa), na vyote wanavionyesha bila kuombwa mara mbili. Barua ya kuomba kufanya onyesho wanaiandika wao, ila uipitishe wewe mwenyeji kwa mwenyekiti na mtendaji, nakala kwa afisa utamaduni wa halmashauri na kituo cha polisi. Zipe ofisi hizo wiki tatu. Omba mchanganuo wa gharama wenye mistari inayojitegemea: utafiti, usafiri, posho za waigizaji, chakula, vifaa, uendeshaji wa ofisi, ufuatiliaji. Wakikuletea jumla moja kwa onyesho, rudisha. Jumla hiyo huficha kwamba mafuta na gari vimekula kuliko waigizaji, na mfadhili akibana bajeti mstari unaofutwa kimyakimya ni ule wa mwisho.

Ufuatiliaji kwao unatakiwa uwe wiki mbili baada ya onyesho. Wanarudi wawili tu, mwezeshaji na mwanamke aliyecheza mjane, bila ngoma. Wanapita bombani na kilabuni, wanauliza igizo linazungumzwaje, nani amekwenda kwa msaidizi wa kisheria, nani amekatazwa kwenda. Mwanamke huyo watu wanamwita Mama Sufuria njia nzima, na wengine wanamvuta pembeni ya ua kumweleza ambayo hawakuyasema mbele ya watu. Yale yanayohitaji ofisi anayaandika kwenye daftari dogo na kuyapeleka kwa mtendaji wa kata kabla ya kupanda gari kurudi mjini. Kwenye mkataba wenu, malipo ya mwisho yafungeni na nakala ya ukurasa huo wa daftari, majina yakiwa yamefutwa.